Siku Kenya Ilipoiangusha West Indies

Msikilizaji, visa vya kriketi ni vingi, na vingi tunavyosimuliwa ni vya Uingereza na Australia. Leo nina kisa chetu. Kilitokea Pune, India, tarehe 29 Februari 1996.

Kenya ilikuwa kwenye Kombe lake la kwanza la Dunia. Kriketi haikuwalisha wengi wa vijana wale. Siku hiyo walipangiwa West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979, wenye Ambrose na Walsh wa kurusha mipira, na Brian Lara wa kuipiga.

Kenya ilianza kupiga, wote wakatoka kwa mikimbio 166. Steve Tikolo ndiye aliyefunga mingi: 29 tu! Hitesh Modi alipata 26. Mikimbio 37 ilikuwa ya bure, mingi yake ikitokana na makosa ya West Indies wenyewe. Wakubwa walikuja wamelegea.

Zamu yao ilipofika, Rajab Ali akaangusha wiketi ya nahodha wao, Richie Richardson. Akaingia Lara, mtu aliyekuwa amefunga mikimbio 375 peke yake dhidi ya Uingereza miaka miwili tu nyuma. Alipofika 8, mpira wa Rajab ukaparuza ukingo wa bati lake, ukaruka nyuma kwa Tariq Iqbal, mlinda wiketi mwenye miwani, ambaye mipira ilikuwa ikimponyoka. Huu akaudaka. Ungewaona Wakenya wanavyomkimbilia!

Kisha nahodha Maurice Odumbe akashika mpira: ova 10, mikimbio 15, wiketi 3. West Indies wote nje kwa 93. Kenya ikashinda kwa mikimbio 73.

Wapo walioita ushindi huo bahati. Nakataa katakata. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya kombe hilohilo. Ni kweli New Zealand ilikataa kuja Nairobi, tukapewa pointi. Lakini Sri Lanka ilikuja, na Collins Obuya akaiangushia wiketi 5.

Tangu 2011 timu yetu ya wanaume haijakanyaga tena Kombe hilo, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Linaniuma sana hilo. Wasimamizi wa kriketi, rudisheni mchezo huu kwenye shule za kawaida, wapeni watoto bati na mpira. Nawe mwalimu wa michezo unayenisikiliza, kesho waambie wanafunzi wako majina haya: Rajab Ali, Tariq Iqbal, Maurice Odumbe, Steve Tikolo, Hitesh Modi.