Tunapika mara moja tu, jioni

(Muziki wa kipindi. Unashushwa.)

 Ninyi wa Musenyi, wa Gasorwe, wa Bwagiriza, karibuni.

Mama mmoja alituuliza: "Kwangu tunapika mara moja, jioni, ili watoto wapate usingizi. Je, ni vibaya?" Hakuna wa kumcheka. Tangu PAM ilipopunguza mgao hadi nusu, Machi 2025, nyumba nyingi zinafanya hivyo. Hata mimi nimewahi kulala nimekunywa maji tu, ili tumbo linyamaze.

Mama, kupika mara moja si kosa, na makaa yanabaki. Tuangalie ni nani anayekula mara moja. Mtu mzima mwenye afya anaweza kungoja mpaka jioni, mwili wake una akiba. Shida yake ni kwamba chakula chenyewe ni kidogo. Msaada hupangwa kwa kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Nusu yake, hata ukiigawa mara tano, inabaki nusu. Tusidanganyane.

Mtoto ni habari nyingine. Tumbo lake ni dogo. Ugali wa jioni, hata ukiwa mwingi, hauingii wote. Atakula kidogo, atasinzia, halafu kesho atashinda hana kitu. Kabla ya miezi 6 ni ziwa la mama peke yake. Miezi 6 hadi 8, chakula mara 2 au 3 pamoja na ziwa. Miezi 9 hadi miaka 2, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi.

Basi jioni, kabla ya kupakua, toa kwanza fungu la mdogo la kesho. Lifunike, na asubuhi ulichemshe mpaka litokote. Likinuka, mwaga, hata kama inauma. Au weka kando unga wa uji. Uwe mzito, na ndagala zilizosagwa kama zipo. Uji mwepesi unajaza tumbo kwa maji tu.

Na wewe unayenyonyesha, unasema "mimi nimeshiba" na sahani hujaigusa. Mwili wako sasa unahitaji chakula zaidi kuliko kabla ya kuzaa. Baba, angalia sahani yake.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa asiruke mlo kabla ya kuongea na muuguzi. Sukari inaweza kushuka mpaka azimie.

Kituo cha afya kina utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Njano ni chini ya sentimita 12.5. Nyekundu ni chini ya 11.5. Ukiona nyekundu, au miguu yote miwili imevimba, usingoje siku ya mgao. Nenda siku hiyo hiyo.

Mama uliyeuliza, tutapita kwenu na kinasa sauti. Utatuambia kama uji wa asubuhi umewezekana au la.

(Muziki.)