Kuanza Kazi ya Uhasibu: Kutoka Nyashimo hadi CPA

Kazi ya uhasibu nchini Tanzania husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kijana wa Nyashimo, wilayani Busega, aliyemaliza kidato cha nne hazuiliwi na kukosa shahada. Bodi hutoa cheti cha mafundi wahasibu, ATEC, chenye ngazi mbili, na njia hiyo haipewi heshima inayostahili. Mwenye ATEC anaweza kuandika vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa pamba, ambako stakabadhi za mizani, malipo na makato lazima vikubaliane. Pasipo hesabu safi, mkulima ndiye anayeumia.

Wengine husomea stashahada au shahada, mathalani katika Taasisi ya Uhasibu Tanzania, yenye kampasi Mwanza. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia hatua ya kati ya mitihani ya NBAA ya CPA, yaani sifa ya mhasibu kamili aliyethibitishwa, kisha hatua ya mwisho. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Kufaulu pekee hakutoshi: anayekosa uzoefu wa miaka mitatu husajiliwa kwanza kama mhasibu mhitimu.

Sifa nyingine ya kitaaluma ya uhasibu ni ACCA, yenye asili ya Uingereza, ambayo hufaa zaidi kwa anayelenga kampuni za kimataifa au ajira ng'ambo. Kwa anayekusudia halmashauri, ushirika au ofisi ya ukaguzi nchini, CPA ndiyo ya kutangulizwa, kwani inabeba sheria na kodi za Tanzania.