Jengo Husimama Msanifu na Mhandisi Wakielewana

Hotuba kwa wenye ploti, mafundi wa ujenzi, wapangaji na wanafunzi



Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Kila jengo linapoanguka, wananchi huuliza: kwa nini? Yupo mhandisi aliyelijibu swali hilo maisha yake yote, kazini na darasani.

Mario Salvadori alizaliwa Roma, Italia, mwaka 1907. Alisomea uhandisi wa ujenzi, kisha hisabati. Mwaka 1939, Italia ikiwa chini ya utawala wa kifashisti, alihamia Marekani, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa miongo mingi. Wakati huohuo alifanya kazi ya uhandisi katika kampuni ya Paul Weidlinger, hadi akawa miongoni mwa viongozi wake.

Salvadori hakuwafundisha wahandisi peke yao. Aliwafundisha pia wasanifu majengo, yaani wale wanaochora sura na vyumba vya nyumba. Mwaka 1963, yeye na Robert Heller walitoa kitabu cha kuwaeleza wasanifu miundo ya majengo bila hesabu nzito. Msanifu asiyejua uzito wa nyumba unapitia wapi hadi ardhini anaweza kuchora kitu cha kupendeza lakini cha hatari.

Tazameni mfano huu. Chukua sponji ndefu, iweke juu ya matofali mawili, kisha ibonyeze katikati. Upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Boriti ya zege hufanya vivyo hivyo. Zege huvumilia kubanwa, lakini hupasuka ikivutwa. Ndiyo sababu katikati ya boriti kama hiyo vyuma vikuu huwekwa chini.

Kwenye roshani inayotokeza nje ya ukuta, mambo hugeuka. Upande wa juu ndio unaovutwa, kwa hivyo vyuma vikuu lazima viwe juu. Vikikanyagwa vikashuka siku ya kumwaga zege, roshani itapigwa plasta na kupakwa rangi, na hakuna atakayeona kasoro. Watoto watachezea hapo juu, na nguvu iliyotarajiwa haipo.

Mwaka 1975, akiwa na umri wa karibu miaka 70, Salvadori alianza kujitolea kuwafundisha watoto wa shule katika mtaa wa Harlem, New York, kwa nini majengo husimama. Mwaka 1987 alianzisha kituo cha kuendeleza mafunzo hayo. Mwaka 1992, pamoja na Matthys Levy, alitoa kitabu kuhusu sababu za majengo kuanguka. Alifariki mwaka 1997.

Kama mtoto wa shule anaweza kuelewa mambo haya, mwenye ploti pia anaweza. Nguzo na msingi uliopigiwa hesabu ya ghorofa mbili hauwezi kubeba nne kwa sababu tu wapangaji wameongezeka. Kabla ya kuongeza hata ghorofa moja, mwite mhandisi akague upya.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kila mjenzi apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Hakikisha mhandisi wako amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, na msanifu wako na bodi inayosimamia taaluma yake. Sajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wakutanishe msanifu, mhandisi na fundi mezani kabla ya msingi kuchimbwa, na mhandisi akague vyuma kabla zege halijamwagwa.

Nawe mpangaji, ukiona nyufa zinapanuka, nguzo inapinda au milango imeanza kukwama ghafla, usingoje. Toka, watoe majirani, na utoe taarifa kwa ofisi ya kaunti iliyo karibu.

Gharama ya mhandisi huuma mara moja. Jengo likianguka, hakuna pesa inayorudisha uhai.