Vita Visivyokwisha Usiku

Septemba 1961, mji wetu wa Likasi ukiitwa bado Jadotville, askari wa Ireland zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa. Hakufa hata mmoja wao. Risasi na maji vilipokwisha, wakajisalimisha. Kwao wakaitwa waoga. Baadhi walijiua. Nishani yao ilikuja 2017, wengi wakiwa kaburini.

Kwetu pia wako walioumizwa hivyo na vita: mzee aliyekuwa askari, anaruka kitandani usiku, baruti ya mgodi inamshtua, anakunywa pombe ya lutuku ili asahau. Si mapepo hayo, ni jeraha la vita. Kaa naye, usimlazimishe kusimulia. Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anataka kujiua. Swali halimpi wazo. Ondoeni silaha, asibaki peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.