Hamira Mtegoni, Embe Salama
Ndugu mkulima wa maembe, nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, bado anatutia hasara kubwa. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Ukija kuona funza, embe limeshaoza. Lakini jike huyo hawezi kukomaza mayai bila protini, na harufu ya hamira humvuta. Hapo ndipo tunamshika, kwa sababu chambo kingine, cha kemikali ya methili yujenoli, hunasa madume tu. Yeyusha vidonge vya hamira ya torula katika maji ya mtego, uutundike kivulini, ndani ya matawi, kabla matunda hayajaanza kuiva. Kila wiki hesabu nzi walionaswa, uandike. Idadi ikipanda, usingoje: fukia maembe yote yaliyoanguka, kina cha nusu mita, na umwone bwana shamba.