MCHEZO WA KINJEKETILE NA SOMO LA UMOJA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbeya



Nataka kunena habari za Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, 1943, mmoja wa watu walioipa lugha yetu michezo ya kuigiza yenye uzito. Mchezo wake mkuu, Kinjeketile, ulichapishwa mwaka 1969.

Zamani za ukoloni mchezo shuleni ulikuwa kichekesho. Mtu wa shamba aingia mjini, hajui desturi za huko, nasi twacheka. Kumbe twajicheka wenyewe! Hussein alimpandisha jukwaani mkulima huyo huyo, aliyelimishwa pamba kwa kiboko, akampa maneno ya mtu mwenye akili na uchungu.

Nyote mwaijua Vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Hussein angaliweza kumfanya Kinjeketile shujaa asiye na doa. Hakufanya hivyo. Katika mchezo, Kinjeketile atoka mtoni na habari za maji, na makabila yaliyokuwa yakigombana yaungana. Halafu atambua kwamba maneno aliyoyatoa yamewaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja. Basi, je, tumfukuze bwana mmoja ili tumpokee mwingine? Moyo wake waingia shaka. Awataka watu wangoje. Lakini imani imekwisha kuwa kubwa kuliko yeye aliyeileta. Watu wapigana, na risasi zawaangusha. Mwishowe, akiwa mfungwa, atakiwa aseme kwamba maji ni uongo. Akataa, kwa sababu kusema hivyo ni kuwavunja moyo watakaopigana kesho.

Ndugu zangu, jambo hili latuhusu sisi wa Nyanda za Juu. Mwaka 1905 Wabena wa Njombe waliishambulia misheni ya Yakobi. Jirani zao Wahehe, waliompoteza Mkwawa mwaka 1898, walisimama upande wa Wajerumani. Siwalaumu mababu zetu; walikuwa wamekwisha kuonja vita na njaa yake. Lakini mtawala alijua faida ya mgawanyiko huo, nasi hatuna budi kuujua ubaya wake. Maji hayakuzuia risasi. Umoja ndio uliomtia mkoloni hofu.

Wengine husema kitabu hiki ni cha wanafunzi wa mtihani tu. Sivyo. Mchezo haukuandikwa ukae kabatini; uliandikwa uchezwe. Hautaki jumba kubwa. Wataka uwanja, ngoma, taa, na vijana waliojifunza maneno yao vizuri. Kila tawi lina vijana hao. Wauigize mbele ya wazee wao, kisha wazee waseme waliyoyasikia kwa baba zao juu ya vita ile, na vijana wayaandike.

Hussein ametupa mchezo usiotubembeleza: watuonyesha nguvu yetu na kosa letu pamoja. Taifa lisilothubutu kuyatazama makosa yake litayarudia.