Ufunguo wa Ukumbi



Kijana wetu aliyetupigia piano kabla ya chakula amenituma na ombi kwenu. Nitalifikisha, ila kwanza turudi nyumbani kidogo.

Sisi wa Kamembe na Bukavu tunaijua asubuhi ya Rusizi I, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Mama kajitwika beseni la samaki wadogo wa sambaza, maji ya ziwa yanamchuruzika shingoni. Upande wa Rwanda ameagana kwa Kinyarwanda. Akivuka daraja anapatana bei kwa Kiswahili, na wakimpunja anageukia lugha ya Mashi. Hakuna anayemshangaa.

Bukavu hiyo ya lugha nyingi ndiko alikozaliwa mwanamuziki Lokua Kanza mwaka 1958, mama Mnyarwanda, baba Mmongo. Alifika Paris 1984, akasoma jazi katika chuo cha CIM, akawapigia wanamuziki wengine gitaa, Manu Dibango akiwamo. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1993. Hesabuni: miaka tisa! Mwaka 2004 yeye, Richard Bona wa Kameruni, fundi wa besi na jazi, na Gerald Toto mwenye asili ya Martinique wakatoa albamu ya pamoja. Ya pili waliiita Bondeko, maana yake udugu kwa Kilingala.

Na huyu kijana wetu naye amekusanya wenzake: Mkongo wa ngoma, Mbrazili wa saksofoni, Mbelgiji wa besi. Juzi nilikaa nao saa nzima wakihangaikia kitu kimoja. Mpigo wetu wa Intore, ngoma ya Kinyarwanda, unahesabiwa tano, rumba nne, na yule wa ngoma kila akifika kwenye ile ya tano anapotea. Kijana akaacha piano, akavua viatu, akapiga makofi na kukanyaga sakafu kama bibi yake alivyomfundisha, mpaka mwenzake akacheka, akaingia. Siwafichi, nilitokwa na machozi.

Sasa ombi lenyewe. Wanafanyia mazoezi gerejini, na majirani wamechoka. Ukumbi huu tunaulipia mwezi mzima, lakini Jumanne na Alhamisi jioni unakaa umefungwa kufuli. Tuwaachie jioni hizo mbili. Na ninyi wazazi wake, nawasihi mbele ya watu: msimwulize kila Jumapili atakula nini. Amewaomba miaka miwili tu ya muziki.

Ufunguo anao mweka hazina wetu, yule pale mbele. Mzee, tafadhali, leo usirudi nao nyumbani.